Mke Mwenza Kwenye Kichanja

Asubuhi, kabla maduka ya mtaa hayajafunguliwa, Mama Vifungo alikuwa ameshatoa cherehani yake nje. Aliiweka uani, chini ya kichanja, mahali pake pa siku zote. Alifagia. Akapanga nyuzi. Kisha akaketi, akatazama juu na kusonya.

Maua yalikuwa yanadondoka tena.

Yalidondoka juu ya meza. Yalidondoka juu ya gauni la mteja alilokuwa amelipiga pasi jana. Moja likatua ndani ya kikombe chake cha chai. Alilitoa kwa kijiko, akalitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga.

"Maua tu!" alisema peke yake. "Kila mwaka maua tu. Kwani mnapamba harusi ya nani?"

Watu walimwita Mama Vifungo kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na hakuna kifungo kilichowahi kumpotea. Mume wake alikuwa fundi bomba. Yeye alijulikana kwa jina la Koki. Nyumba yao ilikuwa ndogo, ya vyumba viwili na ua nyuma. Mji wao ulikuwa mlimani, na msimu wa baridi ukifika watu walivaa masweta hadi mchana.

Kichanja cha uani kilikuwa kimebeba mikiwi. Mkiwi ni mmea unaotambaa, kama mzabibu. Matunda yake ni madogo, yana manyoya ya kahawia, na ndani ni ya kijani. Watu wa mtaani walipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza walicheka sana. "Kiwi? Ile ya kung'arishia viatu?" Lakini walipoonja, walirudi na mabakuli.

Hiyo ilikuwa zamani. Wakati ule mikiwi ilikuwa mitatu. Miwili ilizaa hadi kichanja kikapinda. Wa tatu ulitoa maua mengi kuliko wenzake, lakini haukuzaa hata tunda la dawa. Siku moja Koki alitaka mahali pa kuweka tangi la maji. Akautazama ule wa tatu, akatikisa kichwa.

"Huyu anakula bure," alisema.

Akaukata. Akaung'oa hadi mizizi. Akaweka tangi. Mama Vifungo hakumzuia. Hata yeye aliuona mvivu.

Msimu uliofuata ile miwili ilichanua, lakini haikuzaa. Koki akamwaga samadi nyingi hadi majirani wakafunga madirisha. Haikuzaa. Akaongeza maji. Haikuzaa. Mama Vifungo akafunga kitambaa kichwani, akapanda ngazi na kutafuta wadudu jani kwa jani. Hakuona mdudu.

Ndipo mtu mmoja kwenye duka la vifaa akamwambia Koki, "Mimea hiyo inataka dume." Koki hakuuliza neno la pili. Wakati wa baridi alikwenda kwa jirani yao, mwoka mikate, ambaye naye alikuwa na mikiwi. Akakata tawi kwenye ule mnene kuliko yote. Akalibebesha kwenye mkiwi wake. Kubebesha ni kuunga kijiti cha mmea mmoja kwenye mmea mwingine, vikue pamoja. Tawi lilishika. Likatoa majani. Koki akatembea mtaa mzima akijipiga kifua.

Sasa tawi lile lilikuwa limechanua kwa mara ya kwanza. Na maua yake yalikuwa yanadondoka kama mengine.

Koki alitoka ndani na mswaki mdomoni.

"Vipi huko juu?" aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe," alisema Mama Vifungo. Alimnyooshea kiganja. Juu yake palikuwa na ua lililokauka, na chini ya ua palikuwa na kifundo kidogo cha njano kilichosinyaa. "Hili limetoka kwenye lile tawi lako. Lile dume lako."

Koki alilitazama. Akatema povu pembeni.

"Basi," alisema. "Mimi nimechoka. Wiki ijayo naifyeka yote. Nimeshaongea na fundi wa paa. Tutaweka mabati hapa, nipate mahali pa kuwekea mabomba yangu."

Mama Vifungo aliacha kukanyaga cherehani.

"Umeongea na nani?"

"Fundi wa paa."

"Na mimi umeongea na mimi lini?"

"Si ndiyo naongea sasa hivi?"

"Baba watoto! Mabati hapa? Mimi nikae chini ya bati mchana kutwa? Unataka nishone au unataka nichemke?"

"Utahamia ndani."

"Ndani wapi? Ndani kuna kitanda, kabati na mabomba yako!"

Koki alinyanyua mabega, akaingia kuoga. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Ukimzidi kwa maneno, anakwenda kuoga.

Mama Vifungo alishika tama. Chini ya kichanja kile alikuwa amewashonea watu nguo za shule, za kazi na za harusi. Wateja walipenda kukaa pale kwenye kivuli wakisubiri. Bila kivuli, wangesubiri kwa fundi mwingine. Na Koki akisema atabomoa kitu wiki ijayo, kweli huwa ni wiki ijayo. Akiahidi kutengeneza kitu ndani ya nyumba, hapo ndipo wiki ijayo huwa haifiki.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa. Na mtu huyo Mama Vifungo hakupenda kumwuliza hata saa.

Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Koki.

Wifi alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, upande wa pili wa mji. Alijua mimea, hilo hakuna aliyebisha. Ubaya ni kwamba alijua na kila kitu kingine. Akija, lazima afute kiti kwa kidole kabla ya kuketi. Lazima afunue sufuria. Lazima aseme, "Wifi, chumvi hapa mmeiogopa." Akiondoka, Mama Vifungo humeza dawa ya kichwa.

Alizunguka ua mara mbili. Akatazama kichanja. Akapiga moyo konde, akachukua simu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba! Hee, leo jua limetokea wapi? Mmeugua?"

"Hatujaugua. Ni mikiwi. Ina maua, haizai."

"Na maua bado yapo?"

"Mengine yanafunguka, mengine yanadondoka."

"Msiguse kitu. Na huyo ndugu yangu mwambie asiguse kabisa. Nakuja kesho asubuhi."

Alikuja mapema, na buti miguuni na kisu kidogo mfukoni. Alifuta kiti kwa kidole. Kisha hakukaa. Aliangalia tangi la maji.

"Hapa palikuwa na mkiwi," alisema.

"Ndiyo, dada," alisema Koki. "Haukuwa unazaa. Nikaukata."

"Uliukata."

"Ulikuwa unakula bure."

Wifi alifumba macho. Akavuta pumzi ndefu. Mama Vifungo alimfahamu vizuri, akajua kwamba mvua inakuja.

"Mdogo wangu," alisema Wifi polepole, "ulimkata dume. Yule uliyesema anakula bure ndiye aliyekuwa anailisha nyumba nzima."

"Dume? Kumbe ule ndio uliokuwa dume?"

"Ndio. Miti mingi ina ua lenye vyote viwili, dume na jike pamoja. Mkiwi sio. Kwenye mikiwi kuna mmea dume na mmea jike, kila mmoja mbali. Dume hazai matunda hata umpikie. Kazi yake ni chavua, ule unga wa ndani ya ua. Nyuki na upepo wanauchukua na kuupeleka kwenye maua ya jike. Jike akiupata, anazaa. Asipoupata, ua linakauka na kudondoka. Ndiyo hayo mnayoyafagia."

Mama Vifungo alimgeukia mumewe. Lile jicho alilompa lilitosha kukaanga yai.

"Sawa," alisema Koki haraka. "Lakini mimi nilishalirekebisha hilo! Nilileta tawi la dume. Lile pale. Nililibebesha kwa mkono wangu."

"Nani alikuambia ni dume?"

"Mwoka mikate. Alisema ule ni mnene, kwa hiyo utakuwa dume."

"Unene!" Wifi alipiga makofi. "Wewe hapo una kitambi. Umezaa?"

Mama Vifungo alijikuta amecheka, akajikohoza.

Wifi alipanda ngazi. Akachuma ua moja kwenye tawi la Koki, na jingine kwenye mkiwi wa zamani. Akashuka, akayaweka yote mawili juu ya meza ya cherehani, kwenye kitambaa cheusi ili yaonekane vizuri.

"Njooni mtazame. Wifi, leta macho yako ya kutungia sindano. Unaona nini katikati?"

Mama Vifungo aliinama.

"Naona vijiti vyeupe. Vimesimama na kutawanyika, kama nyota."

"Vizuri. Geuza ua. Chini yake je?"

"Kuna kitu cha duara. Kina manyoya. Kama tunda changa."

"Basi huyo ni jike. Nyota nyeupe katikati na kijitunda chini. Na hili jingine?"

"Nalo lina nyota. Nalo lina kijitunda."

Wifi alimgeukia ndugu yake.

"Hukuleta mume, baba. Umeleta mke mwenza!"

Koki alikuna kisogo. "Lakini yana unga wa njano! Nimeuona mwenyewe, umeizunguka hiyo nyota yenu. Si ndiyo dume hiyo?"

"Ndiyo inavyowapoteza watu. Ua la jike nalo lina vile vichwa vya njano, lakini unga wake haufanyi kazi. Usiangalie njano. Angalia katikati. Ua la dume halina nyota. Lina ile njano peke yake, nyingi, imejaa. Na ukiligeuza, chini hakuna kijitunda."

"Ningejuaje haya wakati wa baridi?" Koki alilalamika. "Mti ulikuwa mkavu, hauna jani wala ua."

"Usingejua. Hata mimi nisingejua. Mkiwi usio na ua huwezi kuutambua kwa macho, hata uwe na shahada. Ndiyo maana unasubiri uchanue, unaangalia ua, unafunga alama kwenye dume. Halafu baridi ikija unakata kwenye alama. Wewe ulikata kwanza, ukauliza baadaye. Na hata baadaye hukuuliza."

Koki alianza kutazama mlango wa bafu.

"Usiende kuoga!" alisema Mama Vifungo. "Twende kwa mwoka mikate. Sasa hivi. Kama kwake matunda yanapatikana, dume yupo."

Walikwenda wote watatu. Duka la mikate lilikuwa mwisho wa mtaa, na nyuma yake kulikuwa na tanuri na lundo la kuni. Mikiwi ilitambaa ukutani. Walimkuta mwoka mikate hapo hapo, nyusi zake nyeupe kwa unga, na shoka mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya mkiwi mmoja mwembamba.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Mmenikuta nataka kuukata huu. Miaka yote nautunza, hauzai. Nautia kwenye tanuri."

"Shoka chini!" alipiga kelele Mama Vifungo.

Mwoka mikate aliruka. Shoka likaanguka karibu na kidole chake.

"Kuna nini, mama? Umeniua kwa mshtuko!"

Mama Vifungo alikuwa tayari amechuma ua kwenye ule mkiwi mwembamba. Alilitazama katikati. Palikuwa na njano tupu, laini kama brashi. Aliligeuza. Chini palikuwa na kijishina tu, hakuna kijitunda.

"Wifi," alisema, "hili halina nyota."

Wifi alilichukua, akalitazama, akatabasamu kidogo. Kutabasamu kwa Wifi kulikuwa jambo la nadra.

"Umeliona vizuri. Huyu ndiye dume." Kisha akamgeukia mwoka mikate. "Na wewe ulikuwa unataka kumchoma. Ungemchoma leo, mwakani ungekula maua na mikate yako."

Walimweleza. Mwoka mikate alikaa juu ya kuni zake na kujifuta jasho kwa mkono wenye unga, uso ukazidi kuwa mweupe.

"Na wewe ndiye uliyeniambia mnene ni dume!" Koki alimlaumu.

"Nilikuambia utakuwa dume," mwoka mikate alijitetea. "Sikusema ni dume. Ulikuja na msumeno, ningekubishia?"

Mama Vifungo alitoa kitambaa chekundu kwenye mfuko wa aproni yake, akakichana vipande viwili. Akavifunga kwenye matawi mawili mazuri ya lile dume. Alifunga kwa fundo la fundi cherehani, ambalo halifunguki hata kwa meno.

"Lakini baridi bado ni mbali," alisema. "Na mwenzangu ana miadi na fundi wa paa wiki ijayo. Mwaka huu ndiyo basi?"

"Mwaka huu tutafanya kazi ya nyuki," alisema Wifi. "Chuma maua ya dume yaliyofunguka leo, yale yenye unga mkavu. Weka kwenye bakuli. Twende tukayaguse yale ya nyumbani. Ua moja la dume linatosha kwa majike matano hivi. Usilikandamize. Lipake tu juu ya nyota, kama unavyopaka mtoto poda."

Asubuhi hiyo Mama Vifungo hakushona. Alipanda ngazi na bakuli, akagusa ua baada ya ua. Koki alishika ngazi, na kila mara aliuliza kama bado. Wifi alisimama chini akielekeza kwa kidole. "Umeruka lile! Kushoto! Sio kushoto huko, kushoto kwangu!" Shingo ilimuuma Mama Vifungo hadi masikioni. Unga wa njano ulimwingia puani akapiga chafya juu ya kichwa cha mumewe. Maua ya kona ya mbali, upande wa tangi, hakuyafikia. Alikuwa amechoka.

Jioni aliongea na Koki.

"Mwambie fundi wa paa asubiri."

"Hadi lini?"

"Hadi yaonekane matunda."

"Na yasipoonekana?"

"Yasipoonekana, nitakushikia ngazi ufyeke mwenyewe."

Koki alikubali shingo upande.

Siku zilipita. Petali zilidondoka, zikachafua meza kama kawaida. Lakini vile vifundo vya kijani havikudondoka. Vilibaki. Vikavimba. Vikaota manyoya. Upande wa tangi, yale maua ambayo hakuyagusa yalisinyaa yote na kuanguka. Ilikuwa kama mtu amechora mstari kichanjani. Huku matunda, huku hakuna.

Koki alisimama chini ya ule mstari muda mrefu. Akatazama huku. Akatazama kule. Kisha akatoa simu, akampigia fundi wa paa.

"Yale mabati," alisema, "mpe mtu mwingine."

Mwaka ule walipata matunda, ingawa si mengi. Mama Vifungo alifurahi, lakini alijua hawezi kuwa nyuki kila mwaka. Mgongo wake ulikuwa umekataa. Walihitaji dume wao wenyewe, pale pale kichanjani.

Baridi ilipokuja, mikiwi ilipukutisha majani yote, ikabaki kama kamba. Wifi alirudi. Safari hii alifuta kiti, akafunua sufuria, akasema neno lake kuhusu chumvi, ndipo akataka kuona vikonyo. Vikonyo ndivyo vile vijiti vya kubebeshea. Mama Vifungo alikuwa amevikata kwenye matawi yenye kitambaa chekundu, vya unene wa penseli, kila kimoja na macho mawili ya kuchipukia. Alikuwa amevifunga kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hivyo ndivyo," alisema Wifi. "Vikikauka, vimekufa. Na wakati wake ndio huu, mmea bado umelala. Tukichelewa, maji yatapanda kutoka kwenye mizizi, na ukikata utavuja siku nzima."

"Kuvuja mimi naweza kuziba," alisema Koki. Alikuwa ameleta begi lake la kazi. Alitoa msumeno wa bomba na utepe mweupe wa koki.

"Rudisha!" walisema wanawake wote wawili.

"Huu utepe unazuia maji ya mtaa mzima!"

"Hapa si bomba," alisema Wifi. "Tunataka utepe laini wa plastiki, unaovutika. Na kisu kikali kilichosafishwa kwa maji ya moto. Kidonda kikichanika, hakiponi."

Walianza na lile tawi la mke mwenza. Koki alilikata mwenyewe, kwa uchungu kidogo, akabakisha kisiki kifupi. Wifi alipasua kisiki katikati kwa kisu. Kisha akakichonga kikonyo pande mbili kama ncha ya kabari.

"Sasa tazameni hapa. Chini ya gamba kuna ngozi nyembamba ya kijani. Hiyo ndiyo iliyo hai. Kijani cha kikonyo lazima kiguse kijani cha kisiki. Visipogusana, hakuna kitu."

Koki alikichukua kikonyo, akakipachika katikati ya mpasuko.

"Hapana! Umekiweka katikati."

"Si ndipo maji yanapopita? Bomba huunganishwa katikati kwa katikati!"

"Kisiki ni kinene, kikonyo ni chembamba. Ukikiweka katikati, ngozi hazionani!"

"Sasa nikiweke wapi, hewani?"

"Nipe mimi," alisema Mama Vifungo.

Alikisogeza kikonyo hadi ukingoni mwa mpasuko. Akaangalia kwa jicho moja, kama anapotunga uzi. Kijani kilikaa juu ya kijani.

"Ni mshono," alisema. "Vitambaa viwili havilingani upana, basi unalinganisha ukingo wa upande mmoja. Ukingo kwa ukingo."

Wifi alimtazama.

"Sijawahi kulieleza vizuri hivyo," alisema.

Mama Vifungo nusura aangushe utepe. Hakujua afanye nini na sifa iliyotoka mdomo ule. Akainama, akaendelea na kazi. Alizungusha utepe kuanzia chini kwenda juu, ukabana vizuri. Wifi akapaka nta pale palipopasuliwa na kwenye ncha ya kikonyo, ili maji ya mvua yasiingie na unyevu usitoke. Walibebesha vikonyo vitatu kwenye mikiwi yote miwili. Kila kimoja walikifunga kitambaa chekundu.

"Hii ni ili mtu fulani asije akasema kinakula bure," alisema Wifi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kusubiri. Koki alitaka kufungua utepe kila asubuhi achungulie. Mama Vifungo alimpiga vibao mkononi mpaka akachoka. Kikonyo kimoja kilikauka na kuwa cheusi. Koki akasema, "Nilijua tu!" Lakini viwili vilipasua macho, vikatoa majani madogo. Koki akasema, "Nilijua tu!" Chini ya maungio yakachipua matawi mengine yenye nguvu, na Wifi akapiga simu hata kabla hajaulizwa.

"Yakateni hayo ya chini. Ni ya jike. Mkiyaacha, yatamnyima chakula dume wenu. Na utepe mkiona unabana, ulegezeni."

Msimu ule wa kwanza matawi ya dume yalikua tu. Mama Vifungo alipanda tena ngazi na bakuli lake, akinung'unika kila ngazi. Msimu wa pili yalichanua. Alichuma ua la kwanza mwenyewe. Aliligeuza, akalitazama katikati, akalitazama tena. Hakuna nyota. Alimwita mume wake, naye akaligeuza na kulitazama katikati.

"Dume," alisema Koki.

"Sababu?"

"Halina nyota. Halina kijitunda." Akajipapasa tumbo. "Na halihusiani na kitambi."

Nyuki walijaa kichanjani tangu asubuhi hadi jioni. Wateja wengine waliogopa, wakavaa nguo zao mpya mbio mbio na kuondoka. Mama Vifungo hakujali. Alishona huku akisikiliza mvumo ule, akaona ni mzuri kuliko redio.

Matunda yalishika kila upande, hadi kona ya tangi. Koki ilibidi aongeze nguzo. Siku ya kuvuna walijaza ndoo zote za nyumbani na mbili za kuazima. Ndoo moja ikaenda kwa mwoka mikate. Koki hakuweza kungoja, akauma tunda hapo hapo. Uso ulimkunjamana kama amelamba limau.

"Ni chachu! Ni jiwe!"

"Ni bichi," alisema Wifi, ambaye alikuwa amekuja bila kuitwa. "Huchumwa likiwa gumu. Weka ndani pamoja na ndizi mbivu, lisubiri hadi lilegee kidogo ukilibonyeza. Kwani wewe kitu gani unaweza kukisubiri?"

Yalipolegea, Wifi alirudi. Alikaa na Mama Vifungo kwenye benchi, wakimenya na kula. Getini, Koki alikuwa amemshika mpita njia mmoja, anamweleza kwa sauti ya juu.

"Watu wengi hawajui," alisema. "Unaangalia nyota. Mimi nililiona hilo zamani sana."

Wanawake wale wawili walitazamana. Wifi alijaribu kujizuia, akashindwa. Mama Vifungo akashindwa naye. Walicheka hadi majimaji ya kijani yakawatiririka kidevuni. Tangu aolewe, Mama Vifungo alikuwa amemcheka wifi yake mara nyingi, kimoyomoyo. Kucheka naye, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Alifuta mdomo.

"Wifi," alisema, "utakuja tena lini?"

"Wakati wa kupogoa," alisema Wifi. Akachukua tunda jingine. "Na msiguse kitu kabla sijafika!"